Gari Lisiloombwa

Watu wa Hallunda, kitongoji cha Stockholm, wakimuuliza Évode kwa nini aliacha mbio za magari, huwajibu kwamba ni mgongo. Mgongo wake hauna lolote. Majuzi tu, lifti ilipoharibika, alimbebea jirani mashine ya kufulia kutoka chini hadi juu, wala hakuguna. Lakini mtu akisema mgongo, wenzake hutikisa kichwa kwa huruma na kubadilisha mazungumzo, na hilo ndilo analolitaka. Sababu yenyewe ina jina, nalo ni Boniface, mume wa dada yake, na jina hilo halijatamkwa nyumbani kwa Évode tangu mwaka 2010.

Wala tusimwonee huyo Boniface. Yeye ndiye aliyemfikisha Évode uwanjani. Boniface ni mtu wa Kigoma, alikuja Stockholm miaka ya themanini kujifunza uchomeleaji, akapata kazi, akapata na baridi, akabaki. Évode alikuja baadaye sana, mkimbizi kutoka Burundi, fundi makanika, akiwa na mdogo wake wa kike, Concessa. Walikutana na Boniface kanisani. Haukupita muda mrefu Boniface akamposa Concessa, harusi ikafungwa, na mtu na shemeji yake wakawa kama chanda na pete. Évode alipata kazi kwenye karakana ya mabasi. Jumapili moja mwaka 2001, Boniface akamwambia, "Shemeji, leo nikupeleke mahali utacheka."

Ulikuwa uwanja wa changarawe katikati ya misonobari, kusini mwa jiji. Waswidi wanaziita mbio hizo folkrace, mbio za watu wa kawaida. Unachukua gari lililokwisha kutupwa, unang'oa viti vya abiria na vioo vya madirisha, unachomelea matao ya chuma ndani ili likibinuka usife, kisha unaingia uwanjani na wenzako wenye mikweche kama yako, mnagongana bampa kwa bampa hadi bendera ya mwisho ishuke. Boniface alikuwa akishiriki kwa miaka kadhaa. Alikuwa akishika mkia kila wiki na kurudi nyumbani ana furaha. Évode alitazama raundi moja tu, akauliza mahali pa kupata leseni.

Sasa, mbio hizi zina kanuni moja, na bila kuijua kanuni hiyo huwezi kuelewa uchungu wa mtu huyu. Mashindano yakiisha, kila gari linauzwa. Dereva yeyote aliyeshiriki siku hiyo ana haki ya kujaza karatasi kuomba gari la mwenzake, na bei ni ile ile kwa magari yote, bei ya chuma chakavu. Wakijitokeza waombaji wengi, majina yanatiwa ndani ya kofia ngumu na moja linachomolewa. Mwenye gari hana la kusema. Akikataa kuuza, ananyang'anywa leseni. Wazee wa Kiswidi waliitunga kanuni hiyo ili tajiri asije akamwaga mali kwenye gari moja akawapiga maskini kila Jumapili. Ni kanuni ya haki kabisa, na ndiyo iliyozivunja nyumba mbili.

Kwa hiyo dereva mwenye akili hatengenezi gari zuri. Anatengeneza gari la kutosha tu, akijua kwamba Jumapili litakwenda na mtu. Évode aliishi hivyo miaka mingi na hakulia. Aliuza, akanunua, akauza tena. Na alishinda. Mtangazaji wa uwanja alishindwa kulitamka jina lake, akambatiza Evert, Evert wa Hallunda, na Évode akaliacha hilo Evert lipite, kwa sababu mtu anayeitwa na kipaza sauti baada ya kila fainali hawezi kuchagua sana. Gazeti la mtaani liliweka picha yake, meno yote nje. Kina mama wa Skärholmen walimpongeza sokoni kwenye ndizi za kupika. Karakanani alikuwa mtu wa kutambaa chini ya mabasi. Jumapili alikuwa mtu.

Kisha akafanya kosa. Alilipenda gari.

Ilikuwa Volvo ya zamani aliyoinunua kwa mjane mmoja wa Skärholmen. Marehemu mumewe aliitunza kama yai. Évode aliitia kwenye gereji aliyokuwa amepangishwa karibu na njia ya treni, akaishughulikia kipupwe kizima. Injini aliifungua yote, akaisuka upya pole pole. Shokapu alizitafuta hadi Hjulsta, upande wa pili wa jiji, kwenye banda la Mkurdi mmoja. Matao ya ndani alichomelea Boniface, jioni baada ya jioni, chali juu ya sakafu ya baridi, cheche zikimrukia shingoni, na Concessa akiwaletea chai kwenye chupa. Walipomaliza waliipaka rangi ya njano kwa brashi, makusudi, ili ionekane mbaya na asitokee mtu wa kuitamani.

Kiangazi chote cha mwaka 2009 gari hilo la njano lilimtii Évode kama ulimi wake mwenyewe. Alipoulizwa na watu kanisani alisema, "Nimelijenga kwa mikono yangu miwili." Boniface alikuwa amesimama pale pale akila mandazi. Aliendelea kutafuna. Évode hakugundua kwamba kulikuwa na kitu cha kusemwa.

Mbinu ya brashi ilifanya kazi hadi mwisho wa kiangazi, kisha watu wakafumbua macho. Septemba, baada ya kushinda fainali ya mkoa na kupata nafasi ya kwenda kwenye fainali ya taifa, Évode aliona madereva wakipanga foleni kwenye kibanda cha waamuzi. Wote walikuwa wakiomba la njano. Mwenyewe haruhusiwi kuliomba gari lake, kwa hiyo alimtafuta Boniface kwa macho. Boniface, aliyekuwa amemaliza wa mwisho kama kawaida, alimtazama, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kupanga foleni na wenzake. Hawakuongea hata neno. Watu na mashemeji zao hawawekeani masharti.

Mwamuzi alitia mkono kwenye kofia ngumu, akachomoa karatasi, akasoma: Boniface. Évode alicheka kwa sauti hadi Waswidi wakageuka. Alimkumbatia shemeji yake, akamsaidia kulifunga gari nyuma ya pikapu, akampungia mkono alipoondoka. Moyoni alijua kwamba kabla ya Jumatano litakuwa limerudi gerejini.

Jumatano ilipita. Na Jumapili ikapita.

"Mpigie simu," alisema Elvire, mkewe.

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Umwambie unaomba gari."

"Miye niombe kitu changu? Elvire, voyons, hebu! Mtu na akili yake anajua. Nikimuuliza nitakuwa nimemwambia namshuku ni mwizi."

"Basi una njia gani?"

"Atalileta," alisema Évode, akafungulia televisheni.

Fainali ya taifa ilifika. Évode alikwenda na gari la kuazima, likafa klachi katika raundi ya kwanza. Alirudi kwa basi la usiku, akiwa na kofia yake mapajani. Boniface hakwenda kabisa, na la njano lilibaki limefunikwa turubai uani kwake. Kama angekwenda nalo yeye, Évode angekasirika na yangeisha. Lakini mtu kukuchukulia gari lako na kulifunika turubai! Usiku ule Évode alikoma kumwita shemeji.

Oktoba Concessa alikuja, akakaa kwenye kochi bila kuvua koti. "Kaka, njoo basi nyumbani. Njoo ukae na mwenzio, mnywe hata bia moja."

"Amekutuma?"

Concessa aliangalia mikono yake. "Hajanituma. Lakini anakaa dirishani."

"Mwambie njia ya kuja huku anaijua."

Dada mtu akaondoka. Kipupwe kikaingia, na pamoja nacho giza lile la saa tisa mchana ambalo humfanya mtu atafune jambo moja mpaka liishe utamu na uchungu vyote, libaki makapi. Kanisani walipeana mikono kama watu wa ofisi. Krismasi kila nyumba ilichoma mbuzi wake. Évode alikonda, akawa mkali kazini, akamwambia Elvire mambo ambayo mke hastahili kuambiwa. Alilolitaka lilikuwa moja, gari lake, na alilitaka lije lenyewe.

Mei msimu ukafunguliwa. Évode alifika na Saab bovu alilolipata kwa jirani, akiwa hana hamu. Kisha akaliona la njano likishushwa kutoka kwenye pikapu. Lilikuwa limeoshwa. Boniface alikuwa amevaa ovaroli mpya, akamsalimia kwa mbali kwa kuinua kidole, na Évode akainua chake.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilipomjia alijiona mjanja sana. Mbona kanuni ipo! Anayeshindana leo ana haki ya kuomba gari lolote. Hana haja ya kumpigia mtu magoti. Atajaza karatasi, atalipa, na gari litarudi kwa mlango wa mbele. Alichohitaji ni kitu kimoja tu, lifike mwisho wa siku likiwa zima.

Wote wawili waliingia fainali. Boniface kuingia fainali ilikuwa habari yenyewe, na ilitokana na gari, kwa sababu mikono yake ilikuwa ile ile. Bendera iliposhuka la njano liliruka mbele. Évode angeweza kulipita kwenye kona ya pili, akaona nafasi iko wazi, akaiacha. Alikaa nyuma yake. Kijana mmoja wa Nynäshamn alipokuja kwa ndani amgonge Boniface ubavuni, Évode alimwingilia katikati na kulipokea pigo hilo kwenye mlango wake. Alipokuja mwingine kwa nje, alimsukumia kwenye kifusi. Saab lilipasuka taa, likapoteza bampa, likaanza kufuka moshi, naye bado amekaa pale pale, amelinda lile tako la njano kama mbwa wa geti. Raundi zote alikuwa akijisemea, usilikwaruze, Boniface, usilikwaruze.

Na Boniface akashinda. Miaka yote ile ya kushika mkia, halafu siku hiyo kipaza sauti kikalitangaza jina lake uwanja mzima.

Alitoka kwa kupitia dirishani, akaivua kofia, uso umelowa. Hakwenda kwenye jukwaa. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye Saab linalofuka moshi, mikono ameitandaza, mtu mzima mwenye mvi akilia mbele za watu.

"Shemeji," alisema, "nilikuona kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Nimekuona kila kona. Hata baba yangu hakuwahi kunikingia hivyo."

Évode alikuwa ameshuka, karatasi ameshaijaza tangu asubuhi, ameshaipitisha dirishani kwa waamuzi alipokuwa akitoka uwanjani. Alisimama, hakujua mikono yake aiweke wapi. Na kabla hajaiweka mahali popote, kipaza sauti kikakohoa. Kwa la njano, kikasema, kuna ombi moja la kununua. Mwombaji ni Evert wa Hallunda.

Madereva wengine hawakuomba, kwa sababu walishayajua yaliyotokea tangu Septemba na walimheshimu Évode. Tuseme kweli, Waswidi wale walimfanyia wema. Boniface aliishusha mikono yake.

"Umeandika karatasi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni gari langu, Boniface."

"Sijasema si lako. Nauliza, umeniandikia mimi karatasi?"

Mwamuzi mzee alifika na kalamu yake sikioni, akaanza kueleza utaratibu. Boniface alimwambia kwa Kiswidi kwamba hauzi. Mwamuzi akamkumbusha matokeo yake, kwa upole, kama daktari. Boniface akasema anayajua, hauzi. Kisha akageuka na kurudi kwenye Kiswahili.

"Nilipomtaka dada yako, baba yenu alikuwa ameshafariki. Nilikuja kwako na kreti ya bia. Nimekuzidi umri, lakini nilikaa kwenye kiti kifupi pale Hallunda, nikaomba. Ukanizungusha, nikarudi, nikaomba tena. Sikuona aibu. Kwetu na kwenu ni vile vile, kitu cha thamani kinaombwa, na anayeombwa anapata heshima yake. Nilikuwa na bia kwenye friji tangu Septemba, Évode. Nilitaka uje ukae ndani kwangu mara moja, useme, Boniface, tulilijenga mimi na wewe, naomba gari. Ningekupa na bia ungekunywa. Hela yako nisingeigusa. Usingeondoka kwa miguu."

"Ulipaswa kulileta," alisema Évode. "Nani anamwomba shemeji yake?"

"Basi umewaomba hawa," alisema Boniface, akiwaonyesha waamuzi.

Mwamuzi mzee hakuelewa maneno, ila alikielewa kilichokuwa mbele yake. Alimgeukia Évode, akamuuliza kama bado anasimama na ombi lake. Akiliondoa, alisema, mambo yote yanakwisha hapa na kila mtu anakwenda nyumbani na leseni yake.

Lilikuwa neno moja tu, hapana. Nyuma yake Évode alihisi kipupwe kizima, turubai, klachi iliyokufa, basi la usiku. Madereva walikuwa wakitazama. Alisema, "Ja." Bado nasimama nalo.

Boniface alifungua zipu ya mfuko wa kifuani, akaitoa leseni, akampa mwamuzi kwa mikono miwili kama anavyotoa sadaka. Alikuwa ameshinda mara moja maishani na ushindi huo ulikaa dakika chache. Kisha akalipakia la njano, peke yake, watu wakimpisha.

Wiki iliyofuata Concessa alipiga simu akiwa kazini, akinong'ona. "Analipeleka kwa wakata vyuma mchana huu. Kaka, nakusihi. Sikuombi uombe msamaha. Nenda tu."

Évode alimwambia msimamizi wake kwamba anaumwa, akapanda gari, akakimbiza. Alipofika, la njano lilikuwa limeshashushwa mbele ya mashine ya kubana, kati ya majiko na baiskeli zilizokufa. Boniface alikuwa amesimama kando. Alipomwona, alivua kofia yake ya sufu, akaishika mkononi, akangoja. Alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi. Mtu havai hivyo kwenda kutupa chuma.

Évode alisimama upande wa pili wa gari. Aliyaona matao ya ndani, mishono ya uchomeleaji imepangwa safi, na kwa mara ya kwanza aliitazama kama kazi ya mtu.

Mfanyakazi wa pale, kijana mwenye glavu kubwa, aliwatazama wazee wawili weusi waliosimama kama kwenye maziko, akakosa subira. "Vems är den?" aliuliza. Ya nani hii?

"Hans," alisema Boniface, akamwonyesha Évode. Yake huyu.

Évode alielewa vizuri alichopewa. Alielewa kwamba mwenzake alikuwa amemaliza njia yote na kumwachia hatua moja. Lakini hakuwa ametoka nyumbani na uso wa kupokea. Alikuwa ametoka na uso aliouvaa tangu Septemba, na uso huo ulijibu wenyewe.

"Hans," alisema, akamwonyesha Boniface.

Kijana alipandisha mabega. Akapanda kwenye kreni. Makucha yalilishika la njano kiunoni, yakalinyanyua, yakalitumbukiza. Haikuchukua muda. Matao ndiyo yaliyokataa kidogo, yakalia, mashine ikarudia mara ya pili, kisha nayo yakakubali. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa kipande cha kutosha kukalia, chenye rangi ya njano hapa na pale.

Boniface alivaa kofia yake, akaanza kuondoka. Évode alimfuata hadi mlangoni, akamshika mkono wa koti.

"Shemeji," alisema. "Nakuomba."

Boniface alisimama. Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayejaribu kusoma saa ya ukutani iliyo mbali.

"Unaomba nini?" aliuliza.

Évode aligeuka akatazama nyuma, pale kijana alipokuwa akisukuma kile kipande kwa buti kukipanga na vingine. Alibaki amemshika mkono wa koti hadi Boniface alipomwachanisha vidole taratibu, kimoja kimoja, akaenda zake.